Kadi ipi ya kubeba Dubai: namna ya kulinganisha makato kabla hujaondoka

Ukiuliza benki tatu za Dar es Salaam kadi gani inafaa kwa safari ya Dubai, kila moja itakutajia yake na kukuhakikishia kuwa haina makato. Huenda hakuna anayekudanganya. Makato ya kuchanja kadi dukani yanaweza kuwa sifuri kweli, huku benki ikichukua faida yake kwenye bei iliyokuuzia dirhamu, fedha ya huko. Kwa hiyo kusoma vipeperushi peke yake hakutoshi. Chukua manunuzi ya aina moja, tuseme dirhamu 1,000, uyapitishe kwenye kila kadi, na kwa kila moja uulize: mpaka malipo haya yakamilike, zitakuwa zimetoka shilingi ngapi kwangu? Jibu likishakuwa kwa shilingi, kadi zinalinganishika.

Tunatumia Dubai kwa sababu ndiko wanakokwenda wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na wa Eastleigh, lakini njia ni ileile kwa Muscat, Guangzhou au Istanbul.

Pesa inapita wapi

Unapochanja kadi ya akaunti ya shilingi kwenye duka la Deira, eneo la biashara la Dubai, benki ya mwenye duka inadai dirhamu. Visa au Mastercard inazibadilisha dirhamu hizo kwa kiwango chake cha siku na kuidai benki yako, mara nyingi kwa dola. Benki yako nayo inazigeuza dola kuwa shilingi kwa bei yake yenyewe ya kuuzia dola, kisha inaongeza asilimia fulani kwa kuwa malipo yamefanyika nje ya nchi. Sehemu za kukatwa ni tatu: kiwango cha mtandao wa kadi, bei ya dola ya benki, na hiyo asilimia. Maofisa wengi wa benki watakutajia ya tatu tu, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye orodha ya tozo.

Hapa Ghuba ina nafuu yake. Dirhamu ya Emirati imefungwa kwa dola tangu 1997: dola 1 ni dirhamu 3.6725. Riyali ya Saudia imefungwa kwa 3.75, ya Qatar kwa 3.64, na riali 1 ya Oman ni dola 2.60. Maana yake, katika nchi hizi hatua ya kwanza, ya kutoka fedha ya huko kwenda dola, haipotezi pesa nyingi, na kadi ya akaunti ya dola inafanya kazi karibu sawa na kadi ya fedha ya huko. Yuan, lira, rupia ya India na randi hazijafungwa hivyo. Kwa nchi hizo kiwango cha mtandao hubadilika kila siku, na hata kiwango cha siku uliyochanja kinaweza kutofautiana na cha siku malipo yanapoingia rasmi kwenye akaunti, siku mbili au tatu baadaye. Kiasi cha kwenye SMS ya kwanza kikitofautiana kidogo na cha kwenye taarifa ya akaunti, sababu huwa ni hiyo.

Kadi zenyewe

Ya kwanza ni kadi ya kawaida ya akaunti ya shilingi. Unayo tayari, haikugharimu kitu kuipata, na ndiyo yenye makato mazito zaidi ukifika nje.

Ya pili ni kadi ya akaunti ya dola. Ubora wake unategemea dola zako zimetoka wapi. Anayelipwa kwa dola, kwa mfano mwenye wateja wa utalii, haguswi na bei ya benki ya kuuzia dola, na kwake kadi hii haina mshindani. Anayelazimika kuzinunua dola kwanza amekwisha kukatwa dirishani kabla hajapanda ndege. Ukiweka noti mkononi, uliza pia kama kuna ada ya kuweka dola taslimu, na noti zako ziwe mpya na kubwa, kwa sababu za zamani na ndogondogo hupunjwa bei au kukataliwa.

Ya tatu ni kadi ya kujaza pesa kabla ya safari, yenye mifuko ya fedha mbalimbali: dola, euro, pauni, dirhamu. Unanunua dirhamu leo, bei inafungwa leo, na ukichanja Dubai hakuna ubadilishaji mwingine. Udhaifu wake ni ada ndogondogo: ya kutoa kadi, ya kujaza, ya kurudisha salio, na katika baadhi ya benki ada ya kila mwezi kadi ikikaa bila kutumika. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaulizi: mfuko wa dirhamu ukipungukiwa, kadi inafanya nini? Baadhi hukataa malipo. Nyingine huchota mfuko wa dola na kukata asilimia ya kubadilisha.

Kuna pia kadi za kidijitali za kwenye simu, kama M-Pesa GlobalPay ambayo Safaricom na Visa waliizindua Kenya mwaka 2022, na zinazofanana nazo Tanzania. Hizi ni nzuri kwa kulipia hoteli, tiketi na viza mtandaoni, kwa sababu unaweka kiasi unachotaka tu na akaunti yako kuu haionekani. Lakini hazina plastiki. Huwezi kutolea pesa kwenye ATM nazo, na baadhi ya hoteli humtaka mgeni aonyeshe mapokezi kadi ileile aliyolipia. Zitumie kabla ya safari. Zisiwe ndizo unazozitegemea ukiwa huko.

Hesabu ya dirhamu 1,000

Namba hizi ni za mfano. Weka za benki zako mahali pake. Tuchukulie kiwango cha kati cha dola, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, ni shilingi 2,600. Benki Kuu ya Tanzania hutoa bei za kila siku kwenye tovuti yake, basi unaweza kukipata mwenyewe. Dirhamu 1,000 ni kama dola 272.29, na kwa kiwango cha kati ni shilingi 707,964. Hicho ndicho kipimo chetu. Chochote kinachozidi hapo ni gharama ya kadi.

Kadi ya shilingi: benki inahesabu dola kwa 2,660 na kuongeza asilimia 3. Dola 272.29 zinakuwa shilingi 724,302, na asilimia 3 juu yake inafikisha 746,031. Umelipa zaidi ya shilingi 38,000 juu ya thamani halisi, sawa na asilimia 5.4, ingawa orodha ya tozo inasema 3.

Kadi ya dola: ulinunua dola dirishani kwa 2,640, na benki inakata asilimia 1.5 kwa malipo ya nje. Jumla ni karibu shilingi 729,640, yaani asilimia 3.1 juu.

Kadi ya kujaza: benki inakuuzia dirhamu kwa shilingi 725, kuchanja ni bure, lakini kadi yenyewe ni shilingi 15,000 na kujaza ni 5,000. Jumla 745,000. Kwa manunuzi haya madogo inakaribia kulingana na kadi ya shilingi.

Sasa rudia hesabu kwa dirhamu 10,000. Kadi ya shilingi: 7,460,300. Ya dola: 7,296,400. Ya kujaza: 7,270,000, na imekuwa ya kwanza. Kwa namba hizi kadi ya kujaza inaanza kuishinda ya dola ukishavuka dirhamu 4,300 hivi. Ndiyo sababu ushauri wa jirani aliyekwenda kununua kontena zima hauwezi kukufaa wewe unayekwenda siku nne kwa harusi. Ongeza pia salio litakalobaki: ukirudi na dirhamu 500 kwenye kadi na benki ikazinunua kwa 690, umepoteza shilingi 17,500, na sehemu kubwa ya faida uliyoipata juu ya kadi ya dola imeondoka. Jaza kiasi unachojua utakitumia, na kadi iwe ya aina unayoweza kuiongezea kupitia simu ukiwa hukohuko.

Maswali ya kumuuliza ofisa wa benki

Uliza kwa maandishi, kwa barua pepe au kwenye mazungumzo ya programu ya benki, ili jibu libaki.

– Malipo ya dirhamu kwenye kadi hii yanapita dola kwanza? Na dola hiyo mnaihesabu kwa bei gani: ya dirishani, au nyingine maalumu ya kadi?
– Asilimia ya malipo ya nje ni ngapi, na imejumuisha VAT? Kwa Tanzania Bara VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya ada ya benki. Ada iliyoandikwa 10,000 bila VAT ni 11,800.
– Kutoa pesa kwenye ATM ya nje ni kiasi gani cha kudumu, na asilimia ngapi juu yake? Kuuliza salio na kukataliwa kwa muamala navyo vinalipiwa?
– Kikomo cha siku ni kipi kwa kuchanja na kipi kwa ATM, na nikitaka kukipandisha nafanyaje?

Kisha jipime mwenyewe. Lipia kitu kidogo mtandaoni kwa dola au dirhamu, subiri muamala uingie rasmi, halafu gawa shilingi zilizokatwa kwa kiasi cha fedha ya kigeni. Fungua kikokotoo cha viwango kwenye tovuti ya Visa au Mastercard, weka tarehe hiyo na asilimia 0 kwenye nafasi ya ada ya benki. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo makato halisi ya benki yako. Jaribio hili linagharimu dola moja au mbili na lina ukweli kuliko kipeperushi chochote.

Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi

Pesa nyingi za wasafiri hupotea hapa, na hupotea kwa kadi yoyote. Unachanja kwenye duka la vifaa vya umeme, kioo cha mashine kinaonyesha mistari miwili: AED 1,000.00, yaani dirhamu, na chini yake kiasi kwa TZS, yaani shilingi, pamoja na kiwango na asilimia ya nyongeza kwa maandishi madogo. Shilingi unazifahamu, kwa hiyo kidole kinaelekea huko. Usibonyeze. Kiwango hicho kimepangwa na benki ya mwenye duka, si Visa wala Mastercard, na nyongeza yake huwa asilimia kadhaa. Kwa nyongeza ya asilimia 5 kwenye mfano wetu utaona 743,362, na utadhani umeokoa kidogo kuliko kadi ya shilingi ya kawaida. Lakini kwa kuwa duka liko nje, benki nyingi huendelea kukata ile asilimia yao ya malipo ya nje hata muamala ukija kwa shilingi. Ongeza 3 yao: 765,663.

Mwenye kadi ya kujaza yuko hatarini zaidi. Mashine husoma tarakimu za mwanzo za kadi, ikiona imetolewa Tanzania inaweza kukupa shilingi hata kama kadi imejaa dirhamu. Ukikubali, dirhamu zinageuzwa shilingi na mashine, kisha kadi inatafuta fedha ya kulipia hizo shilingi, na faida yote ya kujaza mapema imekwisha.

Kila mara chagua fedha ya nchi uliyopo. Kwenye ATM tafuta maandishi ya “without conversion” au “decline conversion”. Kukataa ubadilishaji hakufuti utoaji wa pesa, ingawa maneno yanatisha. Wauzaji wengine hubonyeza wenyewe bila kukuuliza. Tazama risiti kabla hujaondoka kaunta: ukiona TZS, omba muamala ufutwe palepale na uchanje upya kwa AED. Ukishatoka dukani, kuipigania ni kazi kubwa, kwa sababu risiti huandika kwamba mteja alichagua mwenyewe.

ATM na pesa mkononi

Maduka ya jumla ya Deira na Naif bado yanapenda taslimu, na mengi huongeza asilimia mbili au tatu ukitaka kuchanja. Nyongeza hiyo iingize kwenye hesabu yako kabla ya kusema kadi ni rahisi. Wakati mwingine kutoa dirhamu mara moja na kulipa taslimu kunashinda.

Kutoa mara moja ndiko kunakookoa. Tuchukulie benki yako inakata shilingi 10,000 kwa kila utoaji na benki ya Dubai inakata dirhamu 30, ambazo ni kama shilingi 21,240. Ukitoa dirhamu 300, makato haya mawili ni karibu asilimia 15 ya pesa uliyopata, kabla ya ile asilimia 3. Ukitoa 2,000 kwa mkupuo, ni 2.2. Ada ya mwenye ATM lazima ionekane kwenye kioo kabla hujakubali. Ikizidi, ghairi na ujaribu ya benki nyingine. Kadi ya mkopo usiitumie kwenye ATM kabisa, kwa sababu riba yake kwa pesa taslimu kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Ukibeba dola taslimu kutoka nyumbani, kumbuka kuzitangaza forodhani zikifika dola 10,000, Tanzania na Kenya, na ukiingia Emirati ukiwa na zaidi ya dirhamu 60,000.

Zuio la hoteli

Hoteli huzuia kiasi cha dhamana unapofika, na kampuni za kukodisha magari huzuia kikubwa zaidi. Kwenye kadi ya mkopo zuio linapunguza kikomo chako tu. Kwenye kadi ya akaunti au ya kujaza, ni pesa yako halisi inayofungwa, na baada ya kuondoka inaweza kuchukua wiki moja hadi mwezi kuachiwa. Mtu mwenye dirhamu 2,000 kwenye kadi akizuiwa 500, amebaki na 1,500 za safari. Bora uombe kuweka dhamana kwa taslimu, wakupe risiti, na urudishiwe asubuhi ya kuondoka.

Kadi ikikataliwa

Soma namba iliyo kwenye karatasi ya mashine kabla ya kujaribu tena, maana kila kosa lina dawa yake. 51 ni salio halitoshi. 55 ni namba ya siri si sahihi. 75 ni umekosea mara nyingi mno, acha hapo na upige benki. 57 maana yake kadi hairuhusiwi kwa aina hiyo ya muamala, na kwa kadi zetu mara nyingi ni kwa sababu matumizi ya nje hayajawashwa kwenye programu ya benki. 61 umevuka kikomo cha siku. 91 benki yako haipatikani. Subiri dakika chache. 05 ni kukataa bila sababu iliyotajwa, na nyuma yake mara nyingi kuna mfumo wa usalama ulioshtuka kuona kadi ya Mwanza inatumika Sharjah. Piga simu uthibitishe.

Hayo yote yanazuilika kabla ya safari. Washa matumizi ya nje, weka tarehe za safari, pandisha kikomo. Anayempeleka mgonjwa India aangalie kikomo mapema kuliko wote, kwa sababu malipo ya awali ya hospitali huvuka kikomo cha siku cha kadi nyingi, na kwa kiasi hicho kutuma benki kwa benki mara nyingi ni nafuu. Laini ya simu iliyosajiliwa benki isafiri nawe na iweze kupokea SMS nje ya nchi, kwa sababu namba ya uthibitisho wa malipo ya mtandaoni inakuja hapo. Data unaweza kutumia laini ya huko. Andika namba ya huduma kwa wateja inayoanza na +255 au +254, kwani ile fupi haipatikani ukiwa nje. Na beba kadi mbili za benki tofauti, moja Visa na nyingine Mastercard, zisikae kwenye pochi moja.

Kama unakwenda kwingine, au unaishi kwingine

Guangzhou ni habari tofauti kabisa. Maduka mengi hayana mashine ya Visa. Watu hulipa kwa Alipay au WeChat Pay. Kadi yako ya Visa au Mastercard unaweza kuiunganisha na programu hizo: malipo ya chini ya yuan 200 hayana ada, ya juu yake hukatwa asilimia 3. Fanya usajili na uthibitisho wa pasipoti ukiwa nyumbani, na ile asilimia 3 uijumlishe kwenye hesabu ya kadi yako.

Kwa walioko Uingereza wanaokuja likizo Mombasa au Zanzibar, mambo ni mepesi zaidi. Kadi ya Wise au ya Revolut, kampuni za fedha za kwenye simu, inatoa kiwango kinachokaribia cha kati, yenye vikomo vya bure vya ATM vinavyoisha haraka, na Revolut ya mpango wa kawaida huongeza asilimia 1 kwa kubadilisha fedha mwishoni mwa wiki. Epuka kubadilisha siku hizo.

Ukisharudi

Kama uliomba kurudishiwa kodi ya asilimia 5 ya Emirati, inayorejeshwa kwa watalii kwa manunuzi kuanzia dirhamu 250 kupitia Planet, kampuni inayoendesha marejesho hayo, utapata asilimia 85 ya kodi hiyo, ukitoa dirhamu 4.80 kwa kila risiti. Ikirudishwa kwenye kadi, chagua kadi ya dirhamu au ya dola. Kwenye ya shilingi itabadilishwa kwa bei ya kununua ya benki.

Pitia taarifa ya akaunti mstari kwa mstari baada ya wiki mbili, miamala yote ikiwa imeingia rasmi. Tafuta malipo yaliyokatwa mara mbili, dhamana iliyogeuka kuwa malipo, na ATM iliyokata bila kutoa noti. Kanuni za Visa na Mastercard hutoa siku 120 kwa malalamiko mengi, ila benki yako inaweza kudai uwahi zaidi, na itakuomba risiti, hata ile ya muamala uliokataliwa. Zipige picha siku uliyozipokea, kwa sababu karatasi za mashine hizo hufutika zenyewe kwa joto.